Filamu inapomchora kijana wa mjini, wewe mzazi unamwona nani?

Mzazi akisikia kwamba mtoto wake ametazama filamu ya magenge ya jijini, swali la kwanza linalomjia huwa lile lile: je, ataiga? Ni swali la haki. Hakuna anayetaka kulea mtoto kwa miaka 15 halafu filamu ya saa moja u nusu ije kuivuruga kazi yote.

Leo nataka tuweke kando ya swali hilo swali jingine, ambalo halizungumzwi sana nyumbani. Filamu hizo tunazozihofia kwa ajili ya watoto, sisi wazazi pia tunazitazama. Tunazitazama kwenye runinga baada ya chakula cha jioni, kwenye basi la usiku, na siku hizi kwenye simu. Je, zimetufunza nini kuhusu kijana wa mjini? Tukipita jioni tukamwona mvulana wa miaka 17 amesimama kwenye kona ya mtaa, mikono mfukoni na kofia ya sweta kichwani, tunamwona nani?

Wataalamu wa mawasiliano wamelichunguza jambo hili kwa zaidi ya nusu karne. Nadharia zao huandikwa kwa lugha ngumu, lakini ndani yake mna mambo ambayo mzazi yeyote anaweza kuyatumia akiwa ameketi sebuleni kwake. Tuzipitie chache, tukizipima kwa filamu ambayo Wakenya wengi wanaijua.

Mwas aingia jijini

Filamu yenyewe ni Nairobi Half Life, iliyotoka mwaka wa 2012. Mwelekezi wake ni David 'Tosh' Gitonga. Mhusika mkuu, Mwas, aliigizwa na Joseph Wairimu, ambaye mwaka huo huo alituzwa kuwa mwigizaji bora katika tamasha la filamu la Durban, Afrika Kusini. Ndiyo filamu ya kwanza ambayo Kenya iliwahi kuwasilisha kuwania tuzo ya Oscar katika kitengo cha filamu za lugha za kigeni. Wahusika wake wanachanganya Kiswahili, Sheng, Kikuyu na Kiingereza, kama unavyosikia ukipanda matatu.

Mwas ni kijana wa kijijini anayeuza DVD za filamu huku akiwaigizia wateja vituko vilivyomo ndani. Ndoto yake ni kuwa mwigizaji. Anafunga safari kwenda Nairobi, na kabla siku haijaisha ameporwa alichobeba na ametupwa korokoroni. Humo seli ndimo anamokutana na Oti, kiongozi wa kundi dogo la vijana wanaoiba vipuri vya magari. Kuanzia hapo maisha yake yanagawanyika: huku anafanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza jukwaani, huku anaingia barabarani na genge. Polisi nao, katika hadithi hii, wana mgao wao.

Mwisho wake sitausimulia, kwa ajili ya ambaye hajaitazama. Nitasema tu kwamba si filamu ya mtoto mdogo. Ina damu, matusi na mambo ya chumbani. Lakini kwa mzazi mwenye kijana wa kidato cha nne au aliyemaliza shule, ni filamu inayofaa kuzungumziwa.

Je, ataiga?

Tuanze na hofu yetu ya kwanza. Mwaka wa 1961, mwanasaikolojia Albert Bandura na wenzake katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichukua watoto 72 wa shule ya chekechea. Baadhi yao walimwona mtu mzima akimpiga mwanasesere mkubwa wa kujazwa hewa, akimtandika kwa nyundo ya kuchezea na kumtukana. Watoto hao walipoachwa na mwanasesere yule, wengi walifanya walichokiona, wengine wakirudia hata maneno. Miaka miwili baadaye jaribio lilirudiwa kwa kutumia filamu, na watoto wakaiga vilevile.

Kwa hiyo hofu ya mzazi si ya bure. Lakini kuna mambo mawili ya kuongeza. Kwanza, mwanasesere yule alitengenezwa ili apigwe, ukimwangusha anasimama tena. Kumpiga yeye si sawa na kumpora jirani, na wakosoaji wa Bandura walilisema hilo mapema. Pili, Bandura mwenyewe aliendelea kuchunguza. Mwaka wa 1965 alionyesha kwamba watoto waliomwona mpigaji akiadhibiwa waliiga kidogo kuliko wale waliomwona akituzwa. Lakini walipoahidiwa zawadi wakiweza kurudia walichokiona, tofauti hiyo ilitoweka. Somo lilikuwa limeshaingia kichwani. Kilichoamua kama litatoka ni malipo.

Kwa mzazi, maana yake ni hii: usihesabu tu idadi ya bunduki kwenye filamu. Angalia filamu inamlipa nani. Kuna filamu ambazo jambazi anamaliza akiwa na gari, wanawake na muziki mzuri, na hakuna aliyeumia isipokuwa watu wasio na majina. Nairobi Half Life haifanyi hivyo. Kila shilingi anayoipata Mwas usiku inamgharimu kitu mchana.

Na nguvu hiyo ya kuigwa hufanya kazi kwa mema pia. Tamthilia ya Shuga ya kituo cha MTV ilianza Nairobi mwaka wa 2009, Lupita Nyong'o akiwa miongoni mwa waigizaji wake kabla dunia haijamjua. Baadaye watafiti waliwaonyesha vijana wa mijini nchini Nigeria mfululizo wa Shuga uliotengenezwa huko, na wengine wakaonyeshwa tamthilia nyingine. Miezi kadhaa baadaye, waliotazama Shuga walikuwa wamejitokeza kupimwa virusi vya Ukimwi karibu mara mbili ya wenzao. Kijana yule yule tunayemwogopea kwamba ataiga wizi anaweza kuiga kwenda kliniki.

Hofu inayoingia taratibu

Sasa tuje kwetu sisi watu wazima. George Gerbner, msomi mzaliwa wa Hungary aliyefundisha Pennsylvania, Marekani, alianza mwishoni mwa miaka ya 1960 kuhesabu vitendo vya ukatili kwenye runinga. Yeye hakuuliza sana kama mtazamaji atakuwa mkatili. Aliuliza mtazamaji ataionaje dunia. Jibu lake lilikuwa kwamba wanaotazama runinga kwa saa nyingi huelekea kuamini kwamba dunia ni katili kuliko ilivyo, na kwamba watu wengi hawaaminiki. Hali hiyo aliipa jina linaloweza kutafsiriwa kama ugonjwa wa kuiona dunia ni katili.

Wasomi wa baadaye wamebishana kuhusu ukubwa wa athari hiyo, kwa kuwa mtu anayeishi penye ujambazi ana sababu ya kuogopa hata bila runinga. Lakini wazo lenyewe lina uzito kwetu. Hofu ya aina hii haiji kwa filamu moja. Inaingia taratibu kama moshi wa jiko la makaa kwenye nguo. Hukumbuki ni siku gani iliingia, ila kila mtu anayekukaribia anausikia.

Mjaribu jirani yako. Mwambie ataje filamu au vipindi vitatu ambamo kijana wa Kayole, Mathare au Korogocho ni fundi wa umeme, mchezaji wa sataranji au mwanafunzi wa udaktari, na hilo si jambo la kushangaza bali ni hadithi tu. Halafu mwambie ataje vitatu ambamo kijana wa mitaa hiyo ni mwizi. Angalia ni swali lipi atalijibu haraka.

Alama zinazosema kabla kijana hajafungua mdomo

Filamu haina muda wa kutueleza kila kitu, kwa hiyo hutumia alama. Kamera ikipita juu ya mabati yenye kutu, mtaro mweusi na nyaya za umeme zilizochanganyikana, muziki mzito ukiingia, mtazamaji ameshaelewa kwamba hapa kuna hatari. Kijana akitokea na nywele za rasta, sweta yenye kofia na Sheng ya ndani kabisa, hukumu imeshatolewa. Hajaiba kitu. Hajasema lolote zaidi ya salamu.

Alama hizi hazibaki kwenye kioo. Kenya imewahi kubishana mahakamani kuhusu nywele. Mwaka wa 2019, Mahakama Kuu iliamua kwamba msichana wa dini ya Rastafari hangeweza kuzuiwa kusoma kwa sababu ya rasta zake. Ulikuwa mjadala wa haki ya kuabudu na kanuni za shule. Lakini jiulize kwa nini nywele zilizosokotwa zinatutia wasiwasi kuliko nywele zilizonyolewa, ilhali walioiba mabilioni katika nchi hii wengi wao walinyoa vizuri na kuvaa tai.

Wasichana nao wana alama zao, na ni chache zaidi. Katika filamu nyingi za jijini, msichana ni mpenzi wa jambazi, au mwathiriwa, au anayeuza mwili. Hata Nairobi Half Life, pamoja na uzuri wake, imempa Amina nafasi iliyo karibu sana na hizo. Binti yako akitafuta kwenye kioo msichana wa mjini anayefanana naye, mwenye akili, mwenye utani na mwenye mipango yake, atamtafuta kwa muda mrefu.

Kuna mtu mwingine anayekosekana, na huyu anatuhusu moja kwa moja: mzazi. Wazazi wa Mwas wamebaki kijijini. Jijini hakuna anayemsubiri jioni. Filamu nyingi kuhusu vijana wa mjini zimejengwa hivyo, kana kwamba vijana hao waliota kwenye lami kama nyasi. Mtazamaji anaondoka akiamini kwamba vijana wa mitaa ya mabanda hawana wenyewe. Kumbe katika mitaa hiyo kuna kina mama wanaoamka saa kumi alfajiri ili mtoto apate karo, na kina baba wanaotembea hadi eneo la viwanda na kurudi kwa miguu.

Pale picha inapoua

Msomi Stanley Cohen, mzaliwa wa Johannesburg aliyefanya kazi Uingereza, alichapisha mwaka wa 1972 kitabu kuhusu vijana wa huko waliojiita Mods na Rockers. Wakati wa Pasaka mwaka wa 1964, makundi hayo yalizozana katika mji wa pwani wa Clacton. Viti vilivunjwa, vioo vikapasuka, vurumai ikawa ya wastani. Lakini magazeti yaliandika kana kwamba mji umetekwa. Polisi wakaongezwa, mahakimu wakawa wakali, na kila kijana mwenye pikipiki au koti la aina fulani akawa mshukiwa. Cohen alisema jamii ikijawa na wasiwasi hutafuta kundi la kulibebesha wasiwasi huo, kisha hulifanya shetani.

Sisi tuna methali inayofanana na mantiki hiyo: samaki mmoja akioza, wote wameoza. Kwa samaki ni kweli, maana wako kwenye kapu moja. Kwa watoto wa watu si kweli. Hata hivyo tunaitumia kila tunapopita mtaa fulani na kupandisha vioo vya gari.

Hapa ndipo jambo hili linapoacha kuwa mjadala wa darasani. Mwishoni mwa Machi 2017, video ilisambaa mitandaoni ikimwonyesha mtu mwenye nguo za kiraia, aliyeelezwa kuwa afisa wa polisi, akiwapiga risasi vijana wawili mtaani Eastleigh, Nairobi, mchana, watu wakiona. Mmoja alikuwa ameshalala chini. Wako Wakenya waliolaani. Lakini wengi walishangilia, wakisema vijana hao walikuwa majambazi na wametuchosha. Mwaka huo huo, kituo cha kutetea haki cha Mathare Social Justice Centre kilitoa ripoti kuhusu vijana waliouawa na polisi katika mtaa huo. Kichwa chake kilikuwa swali: nani anafuata?

Sisemi kwamba filamu ilifyatua risasi. Wala sisemi kwamba ujambazi ni hadithi ya kubuni. Kuna familia zilizoporwa, na kuna familia zilizozika mtu kwa sababu ya simu ya elfu kumi. Uchungu wao ni wa kweli, na mwizi ana mahali pake mbele ya hakimu. Ninachosema ni kwamba ili watu washangilie kijana akipigwa risasi bila kesi, lazima kwanza wawe wameacha kumwona kama mtoto wa mtu. Na picha tulizolishwa kwa miaka mingi zinasaidia kazi hiyo. Umati unaopaza sauti ya "mwizi!" sokoni na kuokota mawe haumjui kijana anayekimbia. Unajua tu anafanana na nani.

Kumbuka pia Juni 2024, vijana walipojaa barabarani kupinga Mswada wa Fedha. Walibeba simu, chupa za maji na bendera. Siku hiyo hiyo, kijana yule yule aliitwa shujaa na huyu, akaitwa mhuni na yule. Uso haukubadilika. Kilichobadilika ni picha iliyokuwa tayari kichwani mwa anayemtazama.

Mzigo hufunguliwa na anayeupokea

Je, basi mtazamaji ni chombo kitupu kinachomiminiwa chochote? Hapana. Stuart Hall, mzaliwa wa Kingston, Jamaica, aliyefanya kazi yake kubwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, aliandika mwaka wa 1973 kwamba maana haisafiri salama kutoka kwa mtengenezaji hadi kwa mtazamaji. Chukulia mzigo unaotumwa kwa basi. Mtengenezaji ndiye anayefunga. Mtazamaji ndiye anayefungua, na anaufungua kwa mikono yake, nyumbani kwake, akiwa na shida na furaha zake.

Hall alisema kuna njia tatu za kuufungua. Unaweza kukubali maana kama ilivyofungwa. Unaweza kukubali sehemu na kukataa sehemu. Au unaweza kuikataa yote na kuisoma kinyume.

Aliyewahi kukaa kwenye kibanda cha video hahitaji kufundishwa nadharia hii. DJ Afro amekuwa akichukua filamu za kigeni za mapigano na kuzisimulia upya kwa Kiswahili cha mtaani, akiongeza vichekesho na methali, hadi mtu wa Hong Kong anaonekana kama jirani wa Githurai. Filamu iliyofungwa kwingine inafunguliwa ikiwa kitu kingine kabisa. Watazamaji wanacheka mahali ambapo mtengenezaji alikusudia walie.

Sasa rudi kwa Mwas. Filamu ile, kwa jinsi inavyosimuliwa, inamwonea huruma. Inatuweka ndani ya macho yake tangu mwanzo, hata anapoiba tunajua alianza wapi. Lakini mzazi mmoja anaweza kuitazama na kusema, "Niliwaambia, Nairobi ni ya wezi." Wa pili atasema, "Kweli wizi upo, lakini tazama kijana huyu alivyokosa mtu wa kumshika mkono." Kijana wa Kayole anaweza kuitazama na kusema, "Hiyo ni sehemu ndogo ya kwetu. Mbona hamkuonyesha kwaya, timu ya mpira na mama anayeuza chapati?" Filamu ni moja, sebule ni tatu. Na mtoto aliyeketi kando ya mzazi anasikiliza mzazi anaifungua vipi. Sentensi yako moja ukiwa kwenye kochi inaweza kumfundisha zaidi ya filamu nzima.

Kibera ile ile, macho mengine

Ili usidhani kwamba umaskini wa mjini hauwezi kuonyeshwa bila bunduki, tafuta Soul Boy ya mwaka wa 2010, iliyoelekezwa na Hawa Essuman. Inafanyika Kibera. Abila, mvulana wa miaka 14, anaamka na kumkuta baba yake mgonjwa, akidai kwamba roho yake imechukuliwa. Mvulana anamwendea mwanamke wa kutisha ambaye watu humwita Nyawawa, naye anampa majukumu saba ya kutimiza ili baba yake apone. Rafiki yake, Shiku, anamsaidia. Miongoni mwa majukumu hayo kuna la kumsaidia mkosaji bila kumhukumu.

Mabati ni yale yale. Matope ni yale yale. Lakini mvulana wa Kibera ni mwana anayempigania baba yake, msichana ni mwenye akili na ujasiri, na wazazi wapo. Filamu hizi mbili zote zilitokana na mradi wa One Fine Day Films, ambao mwelekezi Mjerumani Tom Tykwer ni mmoja wa waasisi wake, ukiwaleta pamoja wataalamu kutoka nje na wasanii wa hapa kwetu. Kwa hiyo tofauti haikutokana na mtaa, wala na mradi. Ilitokana na uamuzi wa kusimulia hadithi ipi, kwa macho ya nani. Na palipo na uamuzi, mtazamaji ana haki ya kuuliza kwa nini.

Maswali ya kuuliza sebuleni

Anza na kazi ya kawaida. Bodi ya Kuainisha Filamu nchini huzipa filamu alama za umri: GE kwa watu wote, PG kwa watoto walio na mzazi, kisha 16 na 18. Zitumie. Mtoto wa miaka 9 hana haja ya kujadili Nairobi Half Life, anahitaji kulala.

Kwa kijana mkubwa, kuzima runinga au kumnyang'anya simu hakutoshi, maana ataitazama kwa rafiki yake. Keti naye. Usimhoji kama mwalimu wa zamu. Tupa swali moja, umwache ajibu, na usikimbilie kusahihisha. Haya hapa yanaweza kukusaidia.

La kwanza: hadithi hii tunaiona kwa macho ya nani? Kwa macho ya kijana, ya polisi, au ya tajiri aliyeibiwa? Ingekuwaje ikisimuliwa na yule mwingine?

La pili: ulijuaje kwamba huyu ni mbaya kabla hajafanya kitu? Mwache ataje: nguo, nywele, muziki, namna anavyozungumza. Kijana anayeweza kuzitaja alama hizo amepata kinga ambayo hakuna nywila ya runinga inayoweza kumpa.

La tatu: nani hayupo? Wazazi wake wako wapi? Walimu? Msichana asiye mpenzi wa mtu? Jirani anayekwenda kazini?

La nne: filamu imemlipa nani, na kwa nini? Huyu aliyepata pesa, nani aliumia ili azipate, na je, tulioneshwa uso wake?

La tano, ambalo ni gumu zaidi: kuna mtu aliyewahi kukutazama wewe kama anavyotazamwa huyu? Hapa jiandae kusikia usichokijua. Huenda mlinzi wa duka humfuata nyuma kila akiingia. Huenda kina mama hubadilisha upande wa barabara wakimwona. Huenda alishawahi kusimamishwa na polisi usiku akaambiwa atoe kitambulisho, na hakukwambia kwa sababu aliogopa utamuuliza, "Ulikuwa unatafuta nini huko?" Akikusimulia, usianze na swali hilo. Msikilize kwanza amalize. Halafu mzungumzie usalama wake: apite njia gani, ampigie nani simu, azungumze vipi akisimamishwa. Hilo ni jukumu lako. Kumlaumu kwa kuwa na urefu, nywele na umri alionao si jukumu lako.

Na baada ya kumuuliza yeye, jiulize wewe. Wiki hii umewataja vijana wa mtaani kwa maneno gani mbele ya watoto? Ukisema "hawa vijana wa siku hizi ni wahuni tu," mwanao wa miaka 16 anayemimina chai hapo mezani anajihesabu wapi?

Ndani ya nyumba yako yeye ni Brian au Halima au Kiprono, anayechelewa kuosha vyombo na anayejua nyimbo zote za mchezaji wako wa redio. Akishavuka mlango na kushika barabara, kwa wote wanaokutana naye yeye ni kijana wa mjini tu. Atatazamwa kwa macho ambayo filamu, habari na mazungumzo yetu yameyafunza kutazama. Mvulana aliyesimama kwenye kona ya mtaa wako jioni hii, kuna mzazi mahali fulani anayeomba kwamba wewe utakapopita, umwone kama yeye anavyomwona. Mpe salamu. Wako naye yuko kwenye kona ya mtu mwingine.